Jicho Lisilo na Lenzi, na Kiputo Kinachokosa pa Kuegemea

Katika kliniki ya macho ninakofanya kazi, upande wa Eastlands hapa Nairobi, kuna swali ambalo huulizwa zaidi na watoto wa wagonjwa wazee kuliko wagonjwa wenyewe: "Daktari, tumesoma kwamba siku hizi konea hupandikizwa bila kushonwa. Mbona mzee wetu ameambiwa atashonwa?" Mimi ni afisa wa kliniki wa macho, si daktari bingwa wa upasuaji, kazi yangu ni kupima, kutibu yanayotibika hapa, na kuwapa rufaa wengine kwenda hospitali za Loresho, Kikuyu au Kenyatta. Hata hivyo, nimelizoea swali hilo kiasi cha kuwa na msimamo juu yake: katika jicho lisilo na lenzi (ile inayokusanya mwanga nyuma ya mboni), kama la wazee hao, ugumu wa upasuaji hauko kwenye konea yenyewe bali nyuma yake.

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, na upande wake wa ndani umetandazwa safu moja ya seli zinazosukuma maji nje ili kioo kibaki angavu. Seli hizo zikifa, mwili wa binadamu haupati nyingine za kutosha kuziba pengo, na zikipungua mno konea huvimba na kuingia ukungu. Tangu Eduard Zirm alipofaulu kupandikiza konea ya binadamu mjini Olomouc mwaka 1905, njia kuu ilikuwa kukata kipande cha konea katika unene wake wote na kushona kingine mahali pake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Gerrit Melles wa Uholanzi na wenzake walionyesha kwamba tabaka la ndani pekee laweza kubadilishwa. Upasuaji mwembamba kuliko wote wa aina hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama DMEK, hutumia kipandikizi chenye unene wa mikroni 10 hadi 15 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nacho hakishonwi: daktari huingiza kiputo cha hewa au gesi ndani ya jicho, mgonjwa akalala chali, na kiputo kikakisukuma kipandikizi juu hadi kishikamane na konea.

Kiputo hicho kinahitaji sakafu. Katika jicho la kawaida, irisi (ile pete yenye rangi) na lenzi, iwe ya kuzaliwa nayo au ya bandia, hutenganisha chumba cha mbele na sehemu ya nyuma yenye ute. Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho zamani, wakati lenzi ilipoondolewa pamoja na mfuko wake wote na mgonjwa akapewa miwani mizito, hana sakafu hiyo. Hali kadhalika aliyeumia jicho au ambaye upasuaji wake wa awali ulileta matatizo. Hewa hutoroka kwenda nyuma, jicho hulegea, na kipandikizi chaweza kuteleza hadi juu ya retina, tabaka la nyuma linalopokea mwanga. Zaidi ya hayo, kipandikizi cha DMEK hujikunja chenyewe kama mkeka, na daktari hukikunjua kwa kugonga konea taratibu huku chumba cha mbele kikiwa na kina kidogo. Pale ambapo ute wa nyuma ulikwisha kuondolewa, kina hicho hakipunguki kwa urahisi, na kipandikizi hujikunja tena.

Ndiyo maana madaktari wengi hurudi kwenye kipandikizi kinene kidogo, cha DSAEK, chenye mikroni 100 hivi, ambacho hujikunjua chenyewe na huweza kufungwa kwa uzi unaopitishwa ndani yake ili kisianguke hata hewa ikitoroka. Wengine hujenga sakafu kwanza kwa kuweka lenzi ya bandia: ile inayoshika irisi kwa makucha yake, ikiwa irisi imebaki ya kutosha, au ile ambayo mikono yake hupenyezwa katika ukuta mweupe wa jicho na ncha zake kuyeyushwa kidogo ziwe vifundo, mbinu iliyoenezwa na Shin Yamane wa Japani. Lakini kama irisi nayo imeharibika, lenzi pekee haizibi pengo, kwa kuwa hewa hupita kandokando yake.

Upandikizaji wa unene wote, ambao watu huuona kuwa wa kizamani, bado una nafasi yake hapa, hasa konea ikiwa na kovu katika tabaka zake zote. Hatari yake ni ile dakika jicho linapokuwa wazi: bila lenzi ya kuuzuia, ute huweza kumwagika na jicho kujikunja, hivyo daktari hushona kwanza pete ya chuma kwenye sehemu nyeupe ili umbo libaki. Nyuzi zake huhitaji ufuatiliaji wa miezi mingi, na mwili huukataa mara nyingi zaidi kuliko tabaka jembamba. Vipandikizi vikishindwa mara kwa mara, hubaki konea bandia ya Boston, ambayo ina toleo lililotengenezwa mahsusi kwa jicho lisilo na lenzi. Anayewekewa hutumia matone ya antibiotiki maisha yake yote na kuchunguzwa presha ya macho bila kukoma.

Kwa maoni yangu, pale ambapo konea ya kupandikiza haipatikani kwa wingi, njia inayoshika mara ya kwanza ina thamani kuliko njia mpya kabisa, hata kama ya pili ingempa mgonjwa mstari mmoja zaidi kwenye ubao wa kupimia.

Jambo ambalo familia huelezwa kwa haraka mno ni la miwani. Konea ikiwa safi bila lenzi kuwekwa, jicho bado haliwezi kukusanya mwanga vya kutosha, na bandeji ikitolewa mzee ataona ukungu wa aina nyingine mpaka avae miwani ya nguvu ya +10 au zaidi. Miwani hiyo hukuza picha kwa takriban asilimia 25 hadi 30, kwa hiyo kama jicho la pili lina lenzi, ubongo hushindwa kuunganisha picha mbili za ukubwa tofauti na mgonjwa huona vitu viwiliviwili. Wanaokuja kwangu huwashauri wamwulize daktari bingwa kabla ya tarehe kupangwa: lenzi itawekwa siku hiyohiyo, itawekwa baadaye, au haitawekwa kabisa?