Yule kijana wa gluu

Jana nilipeleka geti kuchomelewa huko Gikomba, fundi akavua ile miwani yake nyeusi akaniuliza, mathe hunikumbuki? Woi! Kumbe ni yule kijana alikuwa analala kwa veranda ya duka letu, chupa ya gluu mdomoni, ananiomba mbao (shilingi ishirini) kila asubuhi. Anasema ni Undugu Society, lile shirika la kusaidia watoto wa mtaani, walimtoa, hawa wako Nairobi tangu 1973 walipoanzishwa na Padre Arnold Grol, na si kumpea tu chakula wakaenda, walimfuata hukohuko mtaani mara nyingi wakamrudisha masomo halafu wakamweka kwa fundi wa jua kali. Sasa analipa renti yake, mikono imejaa alama za cheche. Nimelia mbele ya watu jamani. Hata jina lake sikuwahi kumuuliza.