Dirisha nililochorewa na jenereta, na jioni niliyoipoteza

Programu yangu ya kwanza yenye dirisha ilikuwa ya kutunza orodha ya vitabu ninavyoazimisha watu, maana nilikuwa nimechoka kusahau nani kachukua nini. Python, lugha ya kuandikia programu, nilikuwa naijua kiasi, ile ya skrini nyeusi: inauliza, unajibu, inaendelea mstari kwa mstari mpaka mwisho. Dirisha ni habari nyingine. Programu inafunguka, inakaa tu inasubiri, na mtumiaji ndiye anayeamua aanzie wapi. Hilo lilichukua muda kuniingia.

Nilianza na Tkinter, zana ya Python ya kutengeneza madirisha, nikiandika kwa mkono, kwa kuwa mara nyingi inakuja pamoja na Python. Siku ya pili nikawa na kitufe cha kuhifadhi kilichohifadhi chenyewe programu ilipofunguka tu, halafu ukikibofya, kimya. Nilikuwa nimeandika <code>command=hifadhi()</code> badala ya <code>command=hifadhi</code>. Ukiweka mabano, kazi inafanyika papo hapo. Ukiyaacha, unamkabidhi kitufe kazi hiyo akae nayo mpaka abofywe. Jibu nilikuja kulipata, lakini uvumilivu ulikuwa umeisha. Nikatafuta kitu cha kunichorea dirisha.

Nikaangukia Qt Designer, programu ya kuchora madirisha kwa kipanya. Unaburuta kitufe, unakiweka, unaburuta jedwali, unaliweka, unahifadhi. Kinachotoka ni faili ya .ui, ambayo ndani yake ni XML tupu (maandishi yenye lebo yanayoeleza kilichochorwa), kisha unaigeuza kuwa Python kwa amri moja ya pyuic5, ambayo ndiyo jenereta, yaani programu inayokuandikia msimbo:

<code>pyuic5 -x dirisha.ui -o dirisha.py</code>

Ile -x inaongeza mistari michache mwishoni ili faili iweze kuendeshwa yenyewe ukaona dirisha. Niliiendesha, dirisha likatokea, nami nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilifungua dirisha.py nikaanza kuchomeka msimbo wangu humohumo: wa kuhifadhi, wa kufuta, wa kutafuta kwa jina la kitabu. Juu kabisa ya faili kuna onyo kwamba chochote utakachobadilisha kwa mkono kitapotea siku pyuic5 ikiendeshwa tena. Niliusoma mstari huo kama watu wanavyosoma masharti ya matumizi. Jioni moja nikataka safu ya tarehe kwenye jedwali. Nikarudi Designer, nikaongeza, nikatoa ile amri. Safu ya tarehe ilikuja vizuri sana. Kila nilichokuwa nimeandika kilifutika, na nakala sikuwa nayo.

Kesho yake nilianza upya, safari hii kwa faili mbili. dirisha.py nikaiacha iwe mali ya jenereta, mimi naisoma tu. Yangu nikaiita kuu.py, na ndani yake kuna klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu kwenye msimbo) inayorithi kutoka QMainWindow, dirisha kuu la Qt, na kutoka Ui_MainWindow, ile iliyozalishwa:

<code>class Kuu(QMainWindow, Ui_MainWindow):
    def __init__(self):
        super().__init__()
        self.setupUi(self)</code>

Baada ya setupUi, kazi inayopanga vyote vilivyochorwa, kila kitufe nilichochora kinapatikana kwa jina lake. Tangu hapo nimechora upya dirisha mara nyingi na msimbo wangu haujaguswa. Wala si mimi wa kwanza kuumwa na nyoka huyu. C# 2.0, toleo la lugha ya Microsoft, mwaka 2005, ilileta klasi zinazoweza kugawanywa kwenye faili zaidi ya moja, na Visual Studio, programu ya kuandikia msimbo huo, ikaanza kuweka msimbo wake wa dirisha kwenye Designer.cs, wako ukakaa pembeni. Glade, programu ya kuchora madirisha ya watu wa GTK (zana nyingine ya madirisha), iliachana kabisa na kuzalisha msimbo: inahifadhi XML, na programu inaisoma inapoanza.

Majina nayo yalinisumbua. Designer inakupa pushButton, pushButton_2, pushButton_3, na ukifika pushButton_7 hukumbuki tena ni kipi cha kufuta. Sasa nabadilisha jina kabla hata kitufe hakijatulia mahali pake.

Lakini jina zuri nalo lilinichongea. Niliita kitufe kitufeHifadhi, na kazi yake nikaiita on_kitufeHifadhi_clicked. Ikafanya kazi bila mimi kuiunganisha popote, nami nikashangilia. Kisha nikaona kila kitabu kinaingia mara mbili. Nilikagua jedwali, nikakagua faili ya kumbukumbu, nikamshuku kipanya. Jibu lilikuwa ndani ya msimbo uliozalishwa, mstari wa mwisho wa setupUi: connectSlotsByName. Huo unatafuta kazi zenye majina ya muundo huo na kuziunganisha wenyewe, na kwa kuwa ishara ya clicked, ile inayotolewa kitufe kikibofywa, ina sura mbili, yenye thamani na isiyo na thamani, kazi yangu iliitwa kwa zote mbili. Kuweka <code>@pyqtSlot()</code> juu yake, kuonyesha ni ile sura isiyo na thamani tu, kulimaliza mchezo.

Mpangilio nitautaja kwa ufupi. Ukiviacha vitu pale ulipoviburuta, jenereta inaandika setGeometry yenye namba za pikseli, na mtu akipanua dirisha vitu vyote vinabaki vimejikunyata kwenye kona. Bofya kulia kwenye eneo tupu la dirisha, chagua mpangilio wa gridi, na namba nyingi zinatoweka.

Wiki iliyopita nilihitaji kidirisha kidogo cha kuuliza jina la aliyeazima. Nilikiandika kwa mkono, mistari 18, kwa kuiga nilichokuwa nimekisoma ndani ya dirisha.py. Designer sikuifungua.