VPN ya melini huandaliwa ukiwa bado Kisumu

Telegram ilipokatwa nchini Novemba 2024 wakati wa mtihani wa KCSE, kuna waliopakua VPN papo hapo (programu inayopitisha mtandao wako kwenye sava ya mbali ndani ya njia iliyofungwa), wakabonyeza kitufe kimoja na shughuli zikaendelea. Ukipanda meli ya kitalii kwa kandarasi ya miezi kadhaa ukitegemea kitufe hichohicho, utakwama siku ya kwanza. Mtandao wa meli una ukurasa wa malipo mlangoni, una kichujio nyuma yake, na huenda setelaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hii si feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita, ambako bando lako linavuka nawe.

Kwanza jiulize unaitakia nini. Programu ya benki, na tovuti yoyote yenye https, tayari imefunga mazungumzo yake. Fundi wa mtandao wa meli haoni PIN wala nenosiri lako. Anachoona ni majina ya tovuti unazofungua na kiasi cha data unachokula. VPN inaficha majina hayo, inakufanya uonekane uko nchi uliyochagua, na inakuvusha vichujio. Kasi haiongezi, na wanaouza VPN kwa ahadi hiyo wanakudanganya.

Vilevile haileti SMS. Namba ya uthibitisho kutoka benki, na *334# ya M-Pesa, hupita kwenye mtandao wa simu, si kwenye waifai, kwa hiyo hakuna VPN itakayovifikisha katikati ya bahari. Kabla ya kusafiri, uliza benki kama uthibitisho unaweza kufanyika ndani ya programu yao au kwa programu ya kutoa namba kwenye simu. Waambie pia kwamba utakuwa nje. Mkiwa baharini na mnara ukatokea kwenye simu, usifurahi: huo ni mtandao wa meli yenyewe, na unatoza roaming ya bei kali. Ni kama simu inavyorukia laini za Uganda ukiwa Sio Port, ila bili ni ya kutisha zaidi. Weka hali ya ndege, kisha washa waifai peke yake.

Ukiwa bado nchi kavu

Tovuti za kampuni za VPN mara nyingi huzuiwa melini, kwa hiyo usichopakua Kisumu huenda usikipate tena hadi bandari ijayo. Weka programu kwenye simu na kwenye kompyuta, ingia kwenye akaunti kabisa, halafu ifunge na kuifungua tena uhakikishe haikudai uthibitisho wa barua pepe. Pakua pia mafaili ya mipangilio uyahifadhi ndani ya simu: ya WireGuard, na ya OpenVPN inayotumia TCP kwenye poti 443. Hizo ni aina mbili za VPN; TCP na mwenzake UDP ni namna za kusafirisha data, TCP ikingoja jibu la kupokelewa na UDP isingoje, na poti ni mlango wenye namba. Chukua ya nchi tatu hivi, moja ikiwa karibu na njia ya meli.

Sababu ya kubeba aina mbili ni hii. WireGuard hutumia UDP, kwa kawaida poti 51820, na IKEv2, aina nyingine ya VPN, hutumia UDP 500 na 4500. Msimamizi wa mtandao akitaka kuzifunga, ni sheria moja tu kwenye kifaa chake. Poti 443 ya TCP hawezi kuifunga, kwa sababu tovuti zote za https zinapita hapo. Vichujio vingine huchungulia ndani na kuitambua OpenVPN hata kwenye 443. Hapo unahitaji huduma yenye namna ya kujificha, ambayo huonekana kama https ya kawaida. Hakikisha unayolipia inayo.

VPN za bure ziogope. Mwaka 2016 utafiti uliohusisha CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la Australia, ulipima programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba data (kuifunga isisomeke) hata kidogo. Zipo za bure zenye heshima, kama Proton VPN, ila jiandae kwa sava chache zenye msongamano.

Kisha fanya jaribio. Tafuta waifai ya wageni yenye ukurasa wa kuingia, kama ya hoteli, ujifunze pale hatua nitakazoeleza chini. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuiga setelaiti akiwa nyumbani:

tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 600ms loss 2%

Amri hiyo, kwa mamlaka ya root (msimamizi wa kompyuta), inachelewesha pakiti (vipande vya data) unazotuma kwa milisekunde 600 na kupoteza mbili katika kila mia. Badilisha wlan0 iwe jina la kadi yako. Ukimaliza, weka del mahali pa add ili kuiondoa. Kama VPN yako haiungani katika hali hiyo, heri ujue ukiwa Milimani kuliko ukiwa Atlantiki.

Mpangilio wa kuunganisha

Makosa mengi yanatokea hapa, watu wakasingizia kuzuiwa. Ukurasa wa kuingia wa meli unafanya kazi kwa kuiteka safari yako ya kwanza ya mtandao na kukugeuzia kwake. VPN ikiwa tayari imewashwa, au ile swichi ya kuzuia kila mawasiliano yasiyopita VPN ikiwa imebonyezwa, ukurasa haupati nafasi ya kukugeuza. Utaona waifai imeshika lakini hakuna kinachofunguka. Private DNS ya Android (mpangilio wa kuficha utafutaji wa majina ya tovuti) ikiwa na jina la sava uliloliandika mwenyewe huleta tatizo hilohilo, kwa sababu inang'ang'ania poti 853 ambayo meli haijaifungua. Irudishe kwenye hali ya otomatiki.

Kwa hiyo: zima VPN na swichi yake, shika waifai, fungua brauza uandike neverssl.com, tovuti isiyotumia https, ukurasa wa meli utajitokeza. Ingia, lipa, subiri tovuti moja ya kawaida ifunguke. Ndipo uwashe VPN, na mwisho kabisa ile swichi.

Mara nyingi kifurushi hufungwa kwenye anwani ya MAC ya kifaa, yaani namba inayokitambulisha kwenye waifai. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na nyingine huibadilisha baada ya muda. Ikibadilika, meli inakuona mgeni na kifurushi ulicholipia hakionekani. Kwenye mipangilio ya waifai ya meli, iweke isibadilike kabla ya kulipa, si baada.

Kama unalipa kwa dakika, angalia sana namna ya kutoka. Kitufe cha kutoka kiko kwenye ukurasa wa ndani ya meli, na VPN ikiwa imewashwa ukurasa huo huenda usifunguke. Unafunga simu ukidhani umemaliza, dakika zinaendelea kuliwa usiku kucha. Zima VPN kwanza, fungua ukurasa, toka, uone salio limesimama. Programu ya meli yenyewe, ya ratiba na ujumbe wa ndani, nayo inaweza kugoma kwa sababu hiyohiyo. Iondoe kwenye VPN kupitia sehemu ya kuchagua programu zisizopita humo.

Imeunganika, lakini picha haziendi

Dalili hii inafaa uijue vizuri. VPN inaonyesha imeunganika. Ujumbe mfupi wa WhatsApp unakwenda. Picha inazunguka tu, na tovuti inafunguka nusu au inabaki nyeupe. Hapo hujazuiwa: pakiti zako ni kubwa kuliko njia.

Pakiti ya kawaida ya mtandao ni baiti 1500. WireGuard inaongeza baiti 60 za kwake juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6 (mifumo miwili ya anwani za intaneti), ndiyo maana huanza na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 1420. Mtandao wa setelaiti nao una vifungashio vyake, kwa hiyo njia halisi inaweza kuwa 1400 au chini. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinaanguka kimyakimya. Dawa ya haraka kwenye simu ni kufungua mipangilio ya WireGuard na kuandika 1280 kwenye nafasi ya MTU. Hupotezi kitu cha kuonekana.

Mwenye kompyuta anaweza kupima barabara. Zima VPN, kwenye Windows andika ping -f -l 1372 1.1.1.1. Ikijibu, njia inabeba angalau 1400, maana kuna baiti 28 za vichwa juu ya hizo. Isipojibu, shusha kumi kumi hadi ijibu. Ongeza 28, toa 80, hiyo ndiyo MTU yako. Ikigoma hata kwa namba ndogo, ping yenyewe imefungwa; tumia 1280 uendelee na kazi.

Dalili ya kuzuiwa kwa kweli ni tofauti: WireGuard inaonyesha data iliyotumwa ikipanda huku iliyopokelewa ikibaki sufuri. UDP imefungwa. Usihangaike na MTU, nenda moja kwa moja kwenye TCP 443.

Kuna kisa cha tatu kinachochanganya hata mafundi. Meli ikivuka ukanda wa saa, saa inarudishwa nyuma usiku, na mtu anaibadilisha ya simu kwa mkono. WireGuard hutia muhuri wa wakati kwenye salamu yake ya kwanza, na sava hukataa muhuri ulio nyuma ya ule wa mwisho. Saa ikirudi saa moja nyuma, unaweza kukaa saa nzima bila kuungana. Namba za uthibitisho kwenye simu nazo zitakataliwa. Badilisha ukanda wa saa, usiguse saa yenyewe.

Umbali na kasi

Ishara ya kwenda setelaiti ya juu (ile ya kilomita 35,786) na jibu lake hupanda na kushuka mara mbili, zaidi ya kilomita 143,000, karibu nusu sekunde kwa kasi ya mwanga. Kwa kweli utaona milisekunde 600 na zaidi. Setelaiti za mtandao wa O3b, zilizo kama kilomita 8,000 juu, ni karibu 150. Starlink, ambayo Royal Caribbean ilitangaza kuiweka kwenye meli zake mwaka 2022, iko chini ya kilomita 600 na kwa kawaida ni chini ya 100. Pima kwa programu ya kasi, utajua uko kwenye ipi.

Kwenye setelaiti ya juu VPN inapunguza kasi kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Meli hizo huwa na kifaa kinachojibu "nimepokea" kwa niaba ya sava ya mbali, ili TCP isikae ikingoja. VPN inaficha mazungumzo hayo, kifaa hakioni cha kujibu, na kila kitu kinaanza kungojana upya. Ndiyo maana hapo VPN iwashwe kwa kazi inayoihitaji, kisha izimwe. TCP ndani ya TCP ni mbaya zaidi: pakiti ikipotea, tabaka zote mbili zinaituma tena na njia inajaa. Tumia 443 kama hakuna jingine.

Chagua sava iliyo karibu na mahali setelaiti inapotua, si karibu na kwenu. Meli ikiwa Mediterania, data mara nyingi inatua Ulaya. Ukichagua sava ya Nairobi, inarudi kote hadi Mombasa kwa kebo ya baharini, halafu inageuka tena. Kwa benki, shikamana na sava moja ileile. Programu ikikuona Miami asubuhi na Naples jioni, inaweza kufunga akaunti.

Anayetaka lazima aonekane yuko Kenya anaweza kuacha Raspberry Pi (kompyuta ndogo) nyumbani iwe sava yake ya VPN. Angalia kwanza anwani ya nje ya ruta: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hakuna kinachoweza kuingia kutoka nje, na WireGuard ya kawaida haitafika. Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, inaweza, na UDP ikifungwa hujipitisha kwenye 443. Kasi utakayopata melini haitazidi kasi ya kupakia ya nyumbani. Na stima ikipotea, kila kitu kimekwisha hadi irudi, kwa hiyo ruta, kisanduku cha faiba na Pi vyote viwe kwenye UPS (betri ya akiba).

Soma kandarasi na masharti ya waifai. Vifurushi vingine vya bei ya chini vinakataza VPN, na kampuni kadhaa zinanyang'anya ruta za kubebwa mlangoni. Mkitia nanga Dubai au Abu Dhabi, ambako simu za WhatsApp huzuiwa, jua kwamba sheria ya UAE inaadhibu kutumia VPN kutenda au kuficha kosa, na faini ni nzito. Nakala rudufu za WhatsApp na masasisho ya simu yazime melini. Yafanye bandarini, kwenye vituo vya Mission to Seafarers, shirika la kuwasaidia mabaharia, au vya namna hiyo, ambako waifai mara nyingi ni ya bure.