Bastola ya Vita vya Mjerumani

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Kirumba, jirani na Mwaloni, na chini ya kitanda chake sanduku la bati ambalo tangu utotoni tulikatazwa hata kulisogeza. Tulipomaliza kuanua matanga nikalifungua. Nilikuta hati ya kiwanja, risiti za kodi, kopo la sigara lililofungwa kwa mpira, na chini kabisa kitu kizito kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha kaki kilichonuka mafuta ya zamani. Nilijua ni nini kabla sijafunua. Kwetu kila mtoto alikua akisikia habari za bastola ya vita vya Mjerumani: kwamba babu yake baba, aliyekuwa mpagazi, aliiokota Waingereza walipoingia Mwanza, Julai 1916, na Wajerumani wakakimbilia upande wa Tabora.

Nilifunua ncha moja tu, nikaona mtutu, nikafunika. Kaka yangu mdogo alitaka tuitoe tuipige picha uani. Nilikataa kabisa. Silaha ya urithi si kama ng'ombe wa urithi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na haijali kama ulinunua au ulikuta chini ya kitanda cha marehemu. Wala sikutaka kupanda daladala kwenda kituoni na bastola kwenye mkoba. Ukipekuliwa njiani utaanza kujieleza ukiwa tayari mtuhumiwa. Nilimwita mwenyekiti wa mtaa, akaja akaona, akapiga simu polisi. Jioni wakafika askari wawili, mmoja wao mtu mzima wa ghala la silaha.

Huyu afande namshukuru mpaka leo. Alituambia sote tusimame nyuma yake, akaelekeza mtutu ukutani upande usio na mtu, akasukuma kitufe kwa kidole gumba, na silinda ikachomoka ikalala kando, upande wa kushoto. Ndani mlikuwa na risasi mbili zilizoota ukijani wa kutu ya shaba. Akazitoa, akazipanga juu ya gazeti, akachungulia matundu yote sita, ndipo akapumua. "Mmelala na hii miaka mingapi?" aliuliza. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Nilimwomba jambo moja: kabla hajaichukua anisomee alama zote niandike. Akakubali, tukakaa chini ya taa, yeye anasoma, mimi naandika nyuma ya risiti ya kodi. Kwenye mtutu, SMITH & WESSON. Juu ya fremu, maneno UNITED STATES PROPERTY, yaani mali ya Marekani. Chini ya kitako, pete ya chuma iliyokuwa ikizunguka bado, na kandokando yake nambari iliyoanza na herufi V. Chuma chenyewe kilikuwa cha kijivu kisichong'aa, na mbao za kitako laini, bila nakshi yoyote. Akaniandikia hati ya kupokea silaha, nikasaini, wakaondoka nayo.

Usiku ule nilibaki na karatasi tu, na ile karatasi ndiyo iliyonifundisha.

Bastola za silinda alizokuwa nazo Mjerumani wa 1916 zilikuwa za mifano ya 1879 na 1883. Silinda ya zile haichomoki kando. Risasi unaziingiza moja moja kupitia kitundu cha pembeni. Yetu ilifunguka kama nilivyoona. Na Mjerumani angebebaje mali ya Marekani? Nilitafuta mtandaoni nikiwa na zile alama mkononi, na jibu halikuchukua muda. Herufi V ni ya neno la Kiingereza la ushindi. Kiwanda cha Smith & Wesson, kilichokuwa Springfield, Massachusetts, kilianza kuiweka mbele ya nambari mwaka 1942. Marekani ilikuwa imepitisha sheria Machi 1941 ya kuwakopesha washirika wake zana za vita, na kwa njia hiyo bastola zaidi ya nusu milioni za aina hii zilikwenda kwa Waingereza na majeshi ya makoloni yao. Kile kijivu kisichong'aa ni haraka ya vita: hakukuwa na muda wa kusugua chuma mpaka king'ae.

Nikasoma pia jambo lililonifanya nikumbuke namna afande alivyoishika. Mwaka 1944 bastola moja ya aina hii iliangushwa juu ya sitaha ya chuma ya meli ya jeshi la Marekani, ikafyatuka yenyewe, ikaua baharia. Kiwanda kikabadilisha kizuizi cha nyundo, na zile mpya zikaongezwa herufi S kwenye nambari. Yetu haikuwa na S. Na sanduku lile mimi mwenyewe nilikuwa nimelivuta kwa nguvu sakafuni.

Niliiandikia taasisi ya historia ya kiwanda hicho, nikalipa ada yao, nikatuma nambari. Baada ya muda ikaja barua: bastola iliondoka kiwandani mwishoni mwa 1942 ikiwa ya serikali ya Marekani. Basi haikuwa ya babu yake baba. Nakiri iliniuma, kwa sababu hadithi ile niliipenda.

Nilikwenda Magu kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu, nikiwa na lile kopo la sigara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sijui kwa nini sikujiuliza mwenyewe: "Mjerumani yupi? Hitla si Mjerumani?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Wazee walisema "vita vya Mjerumani" kwa vita vyote viwili vya dunia, na sisi wajukuu tukasikia kimoja. Babu, baba yake shangazi, ndiye aliyekwenda Burma, Myanmar ya leo, na Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Hakupigana na Mjerumani kule, alikuwa Mjapani. Lakini vita vilianzishwa na Hitla, na jina likabaki lile lile. Kwenye kopo mlikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita na maneno THE BURMA STAR, utepe wake wa buluu wenye mstari mwekundu katikati ukiwa umechakaa, na picha moja ndogo yenye mhuri wa studio ya Colombo nyuma yake.

Picha ile niliitazama kwa muda mrefu kuliko bastola. Kijana mwembamba amekaa juu ya pikipiki, miwani ya upepo imepandishwa kwenye paji la uso, begani kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilikaa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kabla ya kupelekwa Burma mwaka 1944, ikateremka Bonde la Kabaw katika mvua na matope, na Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Babu alikuwa tarishi wa pikipiki, alisema shangazi, alipeleka barua za wakubwa. Hapo nikaelewa kwa nini bastola na si bunduki: mtu wa pikipiki bunduki ndefu inamsumbua mgongoni, kwa hiyo matarishi wengi walipewa bastola.

"Alikuwa anatukataza tusiiguse," shangazi alisema. "Anasema hii si yangu, ni ya serikali."

Nikamwambia sasa iko serikalini kweli, na hati ninayo. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaisogeza picha karibu na dirisha, akaweka kidole shingoni mwa babu, penye kamba nyeupe, akaifuata taratibu kifuani, ubavuni, mpaka kiunoni inapoingia kwenye mkoba wa ngozi. Ile pete ya kitakoni ilikuwa ya kamba hiyo.