Muda wa ofisini unapotelea wapi?

Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya uhasibu hapa Kisumu, nimesikia uzembe ukilaumiwa karibu kila kazi inapochelewa, na lawama hiyo siikubali. Wengi wa ninaowafahamu katika ofisi za Barabara ya Oginga Odinga huingia mapema, hula chakula cha mchana wakiwa mezani na kutoka giza limeshatanda, na bado mafaili yao hayapungui. Watu hawa hawakai bure. Wanachofanya ni kuianza upya kazi ile ile mara kadhaa kwa siku moja, na humo ndimo saa zao zinamoishia.

Tazama kazi ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Umeweka alama hadi katikati ya ukurasa, unayatafuta malipo ya mteja aliyelipa kwa M-Pesa kupitia simu ya mkewe, na kichwani umeshika kiasi, tarehe na jina la yule unayedhani ndiye. Papo hapo mwenzako anasimama mlangoni na kuuliza, "Madam, ile vocha yangu ya malipo imefika wapi?" Kumjibu hakuchukui hata dakika moja, lakini ukirudisha macho kwenye ukurasa, kile kiasi kimeshakuponyoka na huna budi kuanza tena kutoka juu. Mtafiti Sophie Leroy alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 2009: anayeacha kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili huifanya kwa upungufu. Ndiyo maana huyo mwenzako aliyeuliza naye huondoka na jibu la nusu nusu, kisha hurudi kuuliza tena.

Bidii ya mtu mmoja haiwezi kuliondoa tatizo hili. Yanahitajika makubaliano ya ofisi nzima. Sisi tulikubaliana kwamba tangu asubuhi hadi chai ya saa nne, hakuna anayeijia meza ya uhasibu ila kwa dharura ya kweli. Mwenye swali huliandika katika daftari lililoko mapokezi, lenye safu tatu: jina, namba ya vocha na kinachotakiwa, na maswali yote hujibiwa kwa pamoja baada ya chai. Safu ya tatu ndiyo yenye manufaa makubwa, kwa sababu mtu anapolazimika kuandika hasa anachotaka, mara nyingi hugundua mwenyewe kwamba risiti aliyoleta haina muhuri au kwamba mkuu wa idara yake hajatia sahihi, akaenda kurekebisha bila kumsumbua mtu. Tuliichagua asubuhi kwa kuwa joto la Kisumu linajulikana. Baada ya saa nane mchana chumba cha ghorofani hakifai kwa hesabu za kufikiri, ila kinatosha kwa kuchapisha, kupanga mafaili na kupiga simu.

Jambo la pili ni tarehe. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi, yaani PAYE, hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, michango ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) vilevile, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20. Hakuna mwezi ambao tarehe hizi hutujia ghafla, lakini ofisi nyingi huzikuta mbio mbio, kwa sababu mhasibu husubiri saa za ziada za wafanyakazi kutoka idara ambayo haikupewa tarehe yake ya kuziwasilisha. Mabadiliko yote ya mishahara yafungwe tarehe 25, na kinachochelewa kisubiri mwezi ujao. Bila msimamo huo, tarehe 9 itaendelea kuwa siku ya kukesha.

Mikutano isiyo na ajenda iliyoandikwa isiitishwe. Kuhusu kundi la WhatsApp la ofisi, pole kwa wafiwa na michango ya hospitali vibaki humo, maana mfiwa anastahili kufarijiwa siku hiyo hiyo, lakini maagizo ya kazi yatumwe kwa barua pepe, yakitaja mhusika na tarehe.

Katika yote haya, mteja anayetoka mbali hawekwi katika daftari la mapokezi. Mtu aliyepanda matatu alfajiri kutoka Bondo kufuatilia malipo yake, akiambiwa akae hadi chai ipite, ofisi imeokoa muda wake kwa kumpotezea yeye siku nzima. Kwa hiyo kila asubuhi mmoja wetu, kwa zamu, haguswi na kazi ya hesabu: hukaa mapokezi na kuwahudumia waliotoka safari, na siku hiyo meza yake hushikwa na mwingine.