Jinsi Nilivyopata Kadi ya Grafiki Inayoifaa Kompyuta Yangu ya Zamani

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 790 ya umbo la mnara. Niliinunua mwaka 2019 kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la kupiga chapa hapa Busia, upande wa Uganda, na wakati huo tayari ilikuwa imetumika ofisini kwa miaka mingi, kwa maana prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, Intel Core i5-2400, ilitoka mwaka 2011. Kwa kazi yangu ya ualimu haijawahi kuniangusha: mitihani naiandaa humo, alama za wanafunzi naziingiza humo, na RAM yake ya GB 8 inanitosha. Shida ilikuwa jioni, pale mimi na mdogo wangu tulipofungua michezo. Grafiki zilizomo ndani ya prosesa hiyo, yaani Intel HD 2000, zilikusudiwa kuonyesha barua na majedwali. Tulipowasha GTA V tulilazimika kushusha kila kitu hadi chini kabisa, na hata hivyo gari lilipokata kona picha iliganda, na ilipozinduka gari lilikuwa limeshagonga ukuta.

Nilifundisha masomo ya ziada likizo mbili mfululizo, nikaweka kando shilingi 500,000 za Uganda kwa ajili ya kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za michezo badala ya prosesa. Nilikuwa nimeamua kwamba fedha hizo zisipotee kwa haraka yangu mwenyewe, kwa sababu sikuwa na nyingine za kurekebishia kosa.

Hata hivyo nilianza kwa haraka. Rafiki yangu anayeishi Nairobi alinipigia simu akaniambia amepata AMD RX 580 ya GB 8, iliyotumika lakini nzima, kwa bei ambayo kwa fedha zetu ilikuwa kama shilingi 380,000. Kwa nguvu peke yake, hakuna kadi niliyoweza kuipata kwa bei hiyo ambayo ingeishinda. Kabla ya kutuma fedha nilipita kwa fundi ninayemwamini, aliye karibu na stendi ya mabasi, nikamweleza kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, umeifungua kompyuta yako ukaangalia pawa saplai?" Sikuwa nimeifungua.

Tuliifungua pamoja jioni hiyo. Vumbi lilikuwa limejaa kama unga wa muhogo. Fundi aliifuta lebo ya pawa saplai, yaani kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, kwa kidole gumba, ikasomeka wati 265. Kisha akanishikisha nyaya moja baada ya nyingine: huu mpana wenye pini 24 unakwenda kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, huu wa pini 4 ni wa prosesa, hizi bapa ni za diski na za kisomaji cha DVD. Waya wa pini 6 au pini 8, ule unaolisha kadi kubwa za grafiki, haukuwepo kabisa. RX 580 ya kawaida imekadiriwa kula wati 185, nayo haiwaki bila waya huo. Prosesa yangu peke yake imekadiriwa wati 95. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mwalimu wa Kiswahili.

Nilimuuliza kama tunaweza kutumia kiunganishi kile kinachouzwa, ambacho hubadilisha waya wa diski kuwa waya wa pini 6. Alikataa, na baadaye nilipojisomea nilielewa sababu. Waya wa diski wa aina ya SATA una pini 3 za volti 12, na kila pini imeruhusiwa ampea 1.5, kwa hiyo jumla yake ni wati 54 tu, ilhali tundu la pini 6 la kadi linaweza kudai wati 75. Plastiki huyeyuka pale. Kuhusu kununua pawa saplai nyingine, mnara wa 790 unaipokea ya kawaida, lakini zile za bei ya chini zilizoandikwa wati 500 ni nyepesi mkononi kuliko hii yangu ya wati 265, na mimi sikuwa tayari kuifunga kompyuta ninayoitegemea kwa kazi kwenye kitu cha namna hiyo. Pawa saplai nzuri ingemeza nusu ya akiba yangu.

Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Niliacha kuuliza ni kadi gani yenye nguvu kuliko zote kwa shilingi 500,000, nikauliza ni kadi gani yenye nguvu kuliko zote ambayo kompyuta hii inaweza kuibeba kama ilivyo. Sloti ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 bila waya wowote wa ziada, na wati 75 ndiyo ikawa mipaka ya shamba langu.

Ndani ya mipaka hiyo kuna kadi nyingi, na baadhi zinanunuliwa tu kwa sababu zimejaa madukani. GT 730 niliipita bila kusimama, kwani ingawa inakizidi kile nilichokuwa nacho, bado ni dhaifu kwa michezo niliyoitaka. GT 1030 ndiyo iliyonifundisha kusoma maandishi madogo ya kwenye boksi, kwa sababu jina hilo moja limebeba kadi mbili tofauti: ile ya mwaka 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, na ile iliyofuata mwaka 2018 yenye kumbukumbu ya DDR4 inapitisha GB 16.8 tu. Zinafanana kwa sura na kwa jina, na muuzaji asiyejua atakuuzia ya pili kwa bei ya kwanza bila hata nia mbaya.

AMD RX 6400 ilinivutia zaidi. Ni kadi ya mwaka 2022, inakula wati 53 tu, na ilipatikana mpya. Kasoro yake haionekani mpaka uitazame pamoja na kompyuta utakayoitia. Kadi hiyo huzungumza na mazabodi kwa njia 4 tu za data badala ya 16. Kwenye kompyuta mpya yenye sloti ya PCI Express 4.0, njia 4 zinapitisha karibu GB 8 kwa sekunde, na hapo haidhuriki sana. Sloti ya kompyuta yangu ni ya toleo la 2.0, ambalo kila njia yake hupitisha MB 500 kwa sekunde, kwa hiyo njia 4 ni GB 2 basi. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa katikati ya mchezo, data inalazimika kupita kwenye mlango huo mwembamba, na picha zinaanza kukwama upya. Nawasihi wote wenye kompyuta za umri huu waitazame hesabu hii kabla ya kushawishika na upya wa kadi.

Zikabaki mbili, zote za Nvidia, zote za GB 4, zote za wati 75, na zote zinatumia njia 16: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019. Niliona 1050 Ti zikitajwa kwa bei ya kati ya shilingi 280,000 na 350,000, na 1650 zikikaribia 450,000. Nilielekea ile ya kwanza ili nibakiwe na kitu mfukoni.

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Kampala nikiwa na flashi yenye GPU-Z, programu inayoonyesha chipu iliyomo ndani ya kadi, ambayo fundi alinipakilia na kuniagiza nisitoe fedha kabla ya kuiwasha. Katika duka moja la katikati ya jiji nilioneshwa 1050 Ti kwa shilingi 230,000. Ilikuwa safi, na nyuma yake kulikuwa na kitu kilichonifurahisha kupita kiasi: tundu la buluu la VGA. Monita yangu ni ya inchi 19 na haina tundu jingine ila hilo, kwa hiyo niliona kama kadi hiyo imetengenezwa kwa ajili yangu. Niliipiga picha kadi hiyo nikamtumia fundi. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu mfukoni: "Mwalimu, 1050 Ti ya kweli haina VGA. Ipime kwanza."

Nilimwomba muuzaji, kwa adabu, aiweke kwenye kompyuta yake ya kujaribia, naye akakubali bila kusita. Windows iliitaja kuwa ni GTX 1050 Ti. GPU-Z iliiandika kuwa ni bandia, tena kwenye mstari wa jina, ikaonyesha kwamba chipu iliyomo ni ya ukoo wa Fermi, ambao ni wa tangu mwaka 2010. Watu huchukua kadi hizo kuukuu, wakabadilisha programu iliyoandikwa ndani yake, zikadai kuwa kitu kingine. Chipu halisi ya 1050 Ti haitoi kabisa mawimbi ya analogi yanayohitajika na VGA, na ndiyo maana tundu lile lilikuwa ushahidi tosha. Muuzaji aliikodolea macho skrini kwa muda, akasema, "Ssebo, na mimi niliuziwa hivi hivi," akaiondoa kwenye meza. Uso wake ulinionyesha kwamba alisema kweli.

Nilikaa kwenye mgahawa nikafikiri upya, na nikakumbuka jambo nililokuwa nimelipuuza. Nvidia ilikuwa imetangaza kwamba draiva za kawaida za michezo, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, zingekoma Oktoba 2025 kwa kadi za ukoo wa Pascal, ambao 1050 Ti ni wake, na kadi hizo zingebaki na marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ni ya ukoo wa Turing, ambao haukuguswa na uamuzi huo. Tofauti ya shilingi 100,000 au zaidi ilianza kuonekana ndogo.

Kijana mmoja wa Ntinda alikuwa akiuza 1650 yake kwa sababu amenunua kompyuta nyingine. Kabla ya kwenda nilimwomba anitumie picha ya ukingo wa juu wa kadi, kwa kuwa 1650 nyingi zimetengenezwa na tundu la pini 6, na yenye tundu hilo isingenisaidia. Ukingo wake ulikuwa mtupu. Kadi yenyewe ilikuwa fupi, yenye feni moja. Nyumbani kwake niliwasha GPU-Z, kisha nikamwomba acheze mchezo wowote kwa nusu saa huku nikitazama joto, likapanda hadi nyuzi 69 likatulia. Tulikubaliana shilingi 430,000.

Usiku huo sikuifunga. Fundi alitaka kwanza BIOS ya kompyuta, yaani programu ya kuiwashia, ipandishwe hadi toleo la mwisho, kwani mazabodi za zamani wakati mwingine hukataa kadi zilizozaliwa baada yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa, basi tuliazima UPS, betri ya akiba, ya ofisi ya jirani. Zile dakika chache ambazo mstari ulikuwa unajaa kwenye skrini, hakuna aliyeongea. Baada ya hapo tulipuliza vumbi, tukabadilisha pasta ya kupitisha joto la prosesa, tukaisukuma kadi ndani ya sloti mpaka kikasikika kibonye cha plastiki kikijifunga. Adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA ilinigharimu shilingi 35,000, nayo ni lazima iwe ile yenye chipu ndani yake, kwa maana waya mtupu haubadilishi mawimbi ya dijitali kuwa ya analogi.

Sasa GTA V inakwenda fremu, yaani picha, kati ya 50 na 65 kwa sekunde kwenye pikseli 1440 kwa 900, nikiwa nimeweka mipangilio ya juu isipokuwa vivuli na nyasi. Katikati ya mji, penye magari mengi, prosesa hufika asilimia 100 huku kadi ikiwa bado ina nafasi, jambo linalonihakikishia kwamba hata kadi ya bei maradufu isingeniongezea kitu humo. Iko pia michezo mipya isiyofunguka kabisa, kwa sababu inadai maagizo ya AVX2, ambayo Intel iliyaanzisha kwenye prosesa za mwaka 2013. Hiyo hakuna kadi inayoweza kuitibu.

Yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, hazijapanda kiasi cha kunishtua. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka hutimua vumbi mchana kutwa karibu na nyumba yetu, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mdogo wangu hufungua ubavu wa mnara, akaifuta feni ya kadi kwa brashi laini ya rangi, na hajaruhusu mtu mwingine kuigusa kazi hiyo.