Umeme wa redio kwenye Hilux: kazi ilipofikia

Mei, mvua zinakatika

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imetoka, alama yangu ya kuitia inaanza na 5H kama za wenzangu nchini wa redio za ridhaa, wanaorusha kwa kujifurahisha, na redio mbili zipo juu ya kabati zinanitazama. Kilichobaki ni kuziingiza kwenye Hilux, ili nikipanda Kitulo au nikishuka Tukuyu niwe na kituo kamili, si redio koli ya mkononi ambayo hapa Mbeya kila mlima unaimeza.

Redio kubwa ni ya mawimbi mafupi na inatoa wati 100. Ukibonyeza kuongea inavuta ampea 22 hivi. Ukiwa unasikiliza tu haifiki hata mbili. Ndogo ni ya VHF, wati 50, na yenyewe inakula kama ampea 11. Jirani yangu kauliza kwa nini nisichomeke zote kwenye tundu la kiberiti, si ndiko simu zinachajiwa? Tundu lile kwenye gari langu lina fyuzi ya ampea 15 na waya mwembamba. Redio kubwa ingeizidi fyuzi hiyo na kuikata. Na mtu akishachoka kununua fyuzi, hatua yake inayofuata tunaijua: anaweka ya 30, na kuanzia siku hiyo waya ndio unakuwa fyuzi.

Kwa hiyo umeme utatoka betri moja kwa moja, kwa njia yake peke yake, hadi sanduku la mgawanyo nyuma ya kiti cha nyuma.

Juni mwanzoni

Tumefungua boneti na fundi wangu wa Mwanjelwa. Ananiita mwalimu, maana mdogo wake nilimfundisha fizikia. Kabla ya kuweka kipya chochote tulifuata kilichokuwapo, na hapo kazi ya asubuhi ikawa ya siku nzima.

Mwenye gari wa zamani alikuwa amefunga muziki mkubwa. Muziki aliondoka nao, waya akauacha. Ni waya mwekundu unaotoka kichwa chanya cha betri, hauna fyuzi popote, umepenyezwa kwenye tundu la ule ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, na tundu halina mpira. Mwisho wake umekunjwa, umezungushiwa tepu nyeusi na kufichwa chini ya zulia. Pale unapopita kwenye bati, plastiki yake imelika upande mmoja mpaka shaba iko nje. Nyuzi chache zinang'aa kama zimepigwa msasa. Bati kwenye ukingo wa tundu bado lilikuwa na rangi. Rangi hiyo tu ndiyo iliyokuwa inalitenga gari langu na moto.

Fundi akauvuta taratibu, akauinua mbele ya macho yangu. "Mwalimu, hii ilikuwa inakungoja Mlima Nyoka."

Sikuwa na la kubisha. Betri hiyohiyo inazungusha stata inayotaka zaidi ya ampea mia. Chanya ikigusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea kwenye waya bila kuuliza zinakwenda wapi, na plastiki inaanza kutoa moshi ndani ya sekunde chache. Watu wanaogopa umeme wa nyumbani na kuudharau wa gari kwa kuwa ni volti 12. Volti 12 kweli hazikurushi. Lakini pete ya ndoa ikiwa katikati ya spana na bodi, huku spana iko kwenye chanya, itakuwa nyekundu kidoleni. Siku hizi tukifika kwenye betri, pete na saa za chuma vinakaa mfukoni, na hasi ndiyo ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kufungwa.

Juni, hesabu ya waya

Kutoka betri hadi sanduku ni mita 5 kwa njia tunayopita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni ya mita 10. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja ya waya wenye unene wa milimita ya mraba moja. Gawanya kwa unene wa waya wako, zidisha kwa mita, kisha kwa ampea, utapata volti zinazopotelea njiani.

Waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, kwa ampea 22 unapoteza volti 1.5. Wa 6 unapoteza 0.63. Wa 16 unapoteza 0.24. Redio yangu imeandikwa volti 13.8, na inakubali kupanda au kushuka kwa asilimia 15, maana yake chini kabisa ni 11.7. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyobebeshwa mzigo inasimama kama 12.3. Toa 1.5 uone unachobaki nacho: redio inazimika katikati ya sentensi, au mbaya zaidi haizimiki, inaendelea kurusha sauti iliyokwaruzika na kuwachafulia wengine masafa.

Nimechukua wa 16. Fundi aliona ni fujo ya pesa, akataka tuweke wa 6, na kwa upande wa joto yuko sahihi, wa 6 usingeungua. Mimi nanunua volti.

Wiki ya Sabasaba, fyuzi

Fyuzi kuu ni ya ampea 40, imekaa sentimita 15 kutoka kichwa cha betri. Sikuiweka huko ndani karibu na redio, ingawa ndiko kunakofikika kirahisi, kwa sababu kazi yake si kuilinda redio. Inaulinda waya. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kwangu kipande hicho kimeingizwa kwenye bomba la mpira na hakigusi chuma.

Ndani ya sanduku kila mstari una fyuzi yake, kwa sababu mbele ya hapo nyaya zinakuwa nyembamba na ile ya 40 haiwezi kuzisaidia. Nimetumia zile bapa za magari, ambazo rangi zake ni moja dunia nzima: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Redio kubwa imepewa nyeupe, ndogo bluu, taa na chaji ya simu wanagawana ya 5.

Sasa, fyuzi zenyewe. Nilinunua pakiti ya bei ya chini na pakiti ya bei ya kati, maduka tofauti, nikataka kujua nimenunua nini. Kipimo ni rahisi. Taa ya mbele ya H4 ina waya mbili ndani, wati 60 na 55. Ukiziwasha zote kwa pamoja kwenye betri zinavuta ampea 9 na nusu hivi. Weka fyuzi ya 5 njiani. Huo ni karibu mara mbili ya uwezo wake, na fyuzi halali ikizidiwa hivyo inatakiwa ikatike ndani ya sekunde tano, sita ukiihurumia.

Za bei ya kati zilikatika, nyingine pale pale balbu ilipowaka. Za bei ya chini ziliniacha nimesimama uani nikitazama. Moja iliendelea kuwasha taa hadi plastiki yake ikalainika na kuinama kando, na uzi wa ndani bado mzima. Imeandikwa 5 vizuri kabisa, rangi sahihi. Kifaa cha namna hiyo ni kibaya kuliko kutokuwa na fyuzi, kwa sababu unalala usingizi. Pakiti yote imekwenda kwenye pipa, na nimezikata miguu kwanza ili mtoto wa mtu asiziokote akazifunge kwenye bodaboda.

Julai, upande wa hasi

Vitabu vya zamani vya redio vinasema hasi nayo irudi hadi kichwa cha betri, ikiwa na fyuzi yake. Sikufanya hivyo. Waya mnene unaounganisha injini na hasi ya betri ukilegea, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na redio iliyofungwa kwenye bodi kwa skrubu huku hasi yake iko kwenye betri ni njia tosha kabisa. Ndiyo maana walihitaji fyuzi ya pili. Mimi nimefunga hasi ya sanduku kwenye boliti ya bodi, palepale waya wa hasi wa betri unaposhika bodi. Kwenye magari mapya ndivyo inavyopaswa hata hivyo: yana kifaa juu ya kichwa cha hasi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, na ukifunga redio upande wa betri unakiruka, gari linakosea hesabu ya chaji.

Rangi imekwanguliwa mpaka chuma cheupe, lagi, ile pete ya chuma kwenye ncha ya waya, imebanwa, grisi juu kuzuia kutu.

Julai mwishoni, viunganishi

Viunganishi vya Powerpole vimefika kutoka Dar na basi. Nimevichagua kwa sababu hakuna dume wala jike, kila kimoja kinaingia kwenye mwenzake, na chuma kimezama ndani ya plastiki, kwa hiyo upande wenye umeme ukiachwa wazi hauna cha kugusa bodi. Ukitazama upande unaochomeka: nyekundu kulia, nyeusi kushoto, ulimi juu. Ukifuata mpangilio huo, kifaa cha mwenzako kinachomeka kwako bila kugeuza chanya na hasi. Tumevibana kwa koleo lake, hatukuchomea risasi, maana risasi ikipanda ndani ya waya inaufanya mgumu, na waya mgumu kwenye gari hukatika pale ugumu unapoishia.

Agosti, baada ya Nanenane

Jaribio la uani, na mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena. Injini imezimwa, betri 12.7 kabla ya kubonyeza. Nikibonyeza kwa wati 100, betri 12.3, kwenye plagi ya redio 12.0. Hesabu ilisema 0.24 kwenye waya. Kilichozidi ni fyuzi na viungo. Injini ikiwaka, 14.1 kwenye betri na 13.8 kwenye redio. Fundi alishika waya kwa kiganja muda wote niliokuwa narusha, akatikisa kichwa kwamba wa baridi. Suala la pesa hakulirudia.

Agosti, Kitulo

Tulipanda kwa njia ya Isyonje, tukashukia Matamba hadi Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba. Msimu huu maua hakuna, watalii hakuna, nyasi alfajiri zina barafu, na mimi ndivyo ninavyopataka. Kwenye 7 MHz nilisikika vizuri. Betri kwenye baridi ile ilikuwa nzito kuwasha injini, kwa hiyo niliacha kurusha mita iliposoma 12.2 huku redio ikisikiliza.

Tuliporudi nilipima kila kiungo kwa milivolti huku redio ikivuta ampea 22: ncha moja ya mita kwenye lagi, nyingine kwenye kile lagi inachoshika. Vyote vilikuwa chini ya 15 isipokuwa boliti ya bodi, iliyosoma 140. Ni wati tatu za joto mahali padogo, na mkono ulizihisi. Mtikisiko wa zile kona ulikuwa umeilegeza robo mzunguko. Fundi ameweka washa ya springi na nati ya pili, sasa inasoma 6.

Kinachofuata ni betri ya pili, ya lithiamu, ili ya gari ibaki ya kuwashia. Haitafungwa moja kwa moja kwenye alteneta, kwa sababu lithiamu tupu inapokea kila ampea itakayopewa, na alteneta inaweza kuungua. Inahitaji chaja ya kati inayoweka kikomo. Bei nimeshaulizia Dar, na nimemwambia muuzaji nitampigia mwisho wa mwezi.